Mlalo

Wiki ya thelathini na sita, hospitali ya Ibra.
Daktari Ruqaya akanipaka jeli ya baridi,
akatazama kioo, akanyamaza kwanza.
"Kichwa kiko juu. Miguu ndiyo imetangulia."
Bibi Thuwaiba, kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Mbishi, kama babake."

Jumatatu wakakusukuma kwa viganja,
taratibu, kama wanaohamisha kabati usiku.
Ukageuka nusu.
Ukarudi.

Basi nikatia sahihi.
Kuanzia kiunoni sikuwa na mwili,
nilikuwa na masikio tu:
mkasi, bakuli, kisha wewe.

Bibi alizifunua nyayo zako, akahesabu vidole.
"Huyu hakuletwa na mtu," akasema.
"Kaja kwa miguu yake."