Isiyotafsiriwa

Kibanda changu kipo Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kati ya fundi viatu na Bi Mwanamkasi wa mikate ya kumimina.
Kompyuta moja, feni moja, nyaya kama utumbo wa samaki,
na bango nililoliandika mwenyewe:
TAMTHILIYA ZA KIKOREA, ZIMETAFSIRIWA,
LETA FLASHI YAKO.

Sauti ya mtafsiri naijua kuliko ya baba yangu.
Analia na mama mkwe, anacheka na dereva,
mlango ukifungwa anasema,
"Mlango huo, jamani, umefungwa."
Hanyamazi. Ndiyo kazi yake, asinyamaze.

Ila sehemu ya kumi na moja.
Mpishi wa tambi na yule daktari wa meno
wamesimama kituo cha basi, mwavuli mmoja.
Bega la daktari limelowa lote, la mpishi kavu,
na mpishi ndiyo kwanza analiona lile bega.

Hapo mtafsiri akanyamaza.
Nimehesabu: sekunde arobaini.
Unasikia mvua ya Kikorea tupu,
unasikia hata kiti chake kikilalamika huko Dasalama.
Kisha akakohoa, akasema,
"Hawa ni ndugu. Walipotezana utotoni."

Mtaa mzima ukaamini. Au ukajifanya.
Bi Mwanamkasi tu ndiye aliyeacha sufuria yake motoni,
"Ndugu gani anatazamwa hivyo?
Mie nina kaka watano,
hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa kwa ajili yangu."
Akarudi kwenye mikate. Hakuongeza neno.

Nina lawama, na sina wa kumpelekea.
Wapenzi wengine wanapewa theluji ya kwanza,
hawa wawili wanapewa uwanja wa ndege.
Wengine wanashikana mikono mbele ya kampuni nzima,
hawa wanagusana vidole wakipokezana bakuli
na kamera inaona haya, inakwenda kutazama mvuke.
Ikifika sehemu ya kumi na nne, lazima mmoja augue,
au lori jeupe limkute njia panda,
lori lile lile, naapa, nalijua hadi taa zake.
Waja leo, waondoka leo:
msemo tuliotambia mji wetu,
sikujua utawafaa na watu wa Seuli.

Na bado namshukuru mwandishi. Kidogo.
Kwa lile bega.
Aliyeliandika hakulisoma mahali.
Alilowa.

Mie niliwahi kuwa na mwavuli.
Mweusi, umevunjika ubavu mmoja,
mvua ya masika, Chumbageni hadi Mikanjuni,
na Semhando njia nzima anazungumzia bei ya saruji,
saruji, nondo, saruji,
huku akiusukuma mpini upande wangu.
Yuko Korogwe sasa. Ana watoto watatu,
wa kwanza ana jina langu.
Watu husema, urafiki gani huo!
Nami husema, ndiyo,
tulipotezana utotoni.

Juzi, adhana ya magharibi imekwisha,
kijana mmoja akasubiri wateja waondoke.
Akasoma bango langu mara mbili
kama mtu anayetafuta kosa la tahajia.
"Kaka, ile ya mpishi unayo?"
Ninayo.
Akaigeuza flashi kiganjani, akaigeuza tena.
"Isiyotafsiriwa?"

Hakunitazama. Sikumtazama.
Tukatazama wote mstari wa kijani ukijaa,
asilimia thelathini, hamsini,
feni ikipuliza risiti za jana,
Bi Mwanamkasi akihesabu chenji kwa sauti
kuliko ilivyohitajika.

Bei ni ileile, nikamwambia.
Akalipa, akafika barazani, nikamwita.
Nilitaka kusema mengi.
Nikasema, sehemu ya kumi na moja,
ongeza sauti.
Sikiliza mvua.