Mabakuli Mawili Dirishani

Mashine ya kupurea niliinunua mimi, nakubali,
kwa Mjerumani mmoja, kwa bei ya ndama wawili,
nikaipandisha huku Rodope juu ya trela
mvua ya Oktoba ikinizomea njia nzima.
Asubuhi moja tu, magunia kumi na mawili!
Mama akasimama mlangoni na fimbo yake,
fimbo ya kupurea, iliyolainika kama kiwiko.
Hakusema kitu.

Alisema Aprili, kwa namna yake:
mabakuli mawili ya kioo dirishani
kando ya chungu cha jerani,
maharage arobaini ya fimbo, arobaini ya mashine,
yale makubwa ya zambarau, yenye madoa meusi,
maji ya kisima kimoja.
“Haya, Asan, tazama.” Akaenda kukama.

Nikatazama. Ya kwangu yalikunywa!
Mashapo ya kahawa hayajatulia kikombeni
yamekwisha kunenepa, mashavu ya bwana harusi.
Ya mama yalilala chini kama kokoto,
makavu ndani ya maji.
Nilicheka, peke yangu jikoni.

Ganda la haragwe ni jembamba kuliko ukucha wa mtoto.
Halikatai maji; hilo sikulijua.
Huyapanga foleni
kwenye kitundu kando ya kitovu,
tone lipishe tone.
Kwanza hujikunja lenyewe, upande wa mgongo,
kama vidole vya mfua nguo,
ili kule ndani, ambako kila seli
imelala kavu tangu vuli, utando wake umelegea,
zipate wasaa wa kujishona
kabla mafuriko hayajaingia sebuleni.

Waliotuambia haba na haba hujaza kibaba
hawakutuambia kibaba chenyewe
kinahimili vipi kujazwa.

Niliapa ngoma ya chuma haikuvunja hata haragwe moja.
Mama akachukua moja kavu guniani, akaligeuza chini ya taa:
ufa. Mwembamba kama unywele wa Sevda, binti yangu.
Maji hayahitaji mlango mpana.

Usiku bakuli langu likawa na rangi ya maziwa.
Sukari, chumvi, akiba yote ya kiangazi
iliyowekewa mche,
imetoka nje, inaelea.
Siku ya tatu, harufu.
Siku ya tano nilihesabu: sita yametoa mzizi,
na mawili kati ya hayo ni vilema.
Ya mama, thelathini na tisa.

Ndipo nikaikumbuka siku ile ya mgodi.
Wanaume watatu mlangoni, kofia mikononi,
viatu vyao bado na vumbi la risasi.
Mama aliwakaribisha. Akawawekea kahawa.
Akamuuliza mmoja mmoja habari za mama yake,
za goti, za ng'ombe, za binti aliyeolewa bondeni.
Mimi, kijana wa miaka kumi na tisa, nilitetemeka kwa hasira:
huyu mwanamke ana jiwe kifuani?
Alikuwa ameshajua, tangu kofia.
Alimwaga kahawa kidogo kidogo, akatutazama,
mimi na dada yangu Fatme, mdogo, kando ya jiko,
na hakuwaruhusu waseme
mpaka mikono yetu ilipopata cha kushika.

Sijamwambia kwamba nimeelewa.
Ningeanzia wapi?
Nimebadili mkanda wa mashine, ngoma inazunguka polepole
kama bibi anayetafuta miwani.
Mavuno yajayo, magunia manne kwa asubuhi, labda matano.
Majirani watacheka.

Lile la arobaini la mama bado liko bakulini,
siku ya kumi na moja leo, gumu, linang'aa,
halijanywa hata tone.
Nilitaka kulitupa. Akanipiga mkono.
Kila asubuhi hulibadilishia maji,
na yale ya jana humwagia jerani.