Tarakimu Nane

Goti la kushoto la Aune Lehtimäki
hutabiri theluji kuliko redio.
Leo limeshatabiri, redio bado inabishana.
Mjane anavaa buti za marehemu Veikko
(zake zinapitisha maji),
anazijaza soksi mbilimbili,
anakata Thunder Bay kwa hatua fupi
kwenda kununua nafuu.

Nafuu iko rafu ya tatu,
baada ya mafuta ya samaki.
Chupa kwa chupa, mzizi kwa jani,
zote zimeandikwa "asili",
kana kwamba uyoga wa sumu hauoti msituni,
kana kwamba nyoka hutengenezwa kiwandani.

Mkobani ana chupa nyingine,
zawadi ya wifi yake Irja,
aliyeinunua kwenye maonyesho
kwa mtu mwenye kipaza sauti na meno mengi.
Herufi za dhahabu: huponya goti,
huponya usingizi, moyo, sukari, usahaulifu,
huzuni.
Huzuni!
Aune alipofika neno hilo jana usiku
alikaa kitako jikoni.
Akaigeuza chupa amtafute mwenye ahadi,
akakuta jua limechorwa, linacheka.
Anwani hakuna. Kipimo hakuna.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza;
hii ilikuwa imetembea hadi soli zimeisha.

Sasa ameshika ya rafuni: vidonge vya manjano,
kiungo cha mchuzi ambao hajawahi kuupika.
Anatoa kioo cha kukuzia cha Veikko,
alichokuwa akisomea stempu
za nchi ambazo hazipo tena.
Upande huu Kiingereza, upande huu Kifaransa,
na chini, kama sisimizi waliopanga foleni,
tarakimu nane.

Nane tu. Haziimbi, hazing'ai.
Lakini kabla hazijapigwa chapa
kuna mtu serikalini, labda ana mafua,
labda kahawa yake imepoa,
aliyeuliza: mzizi gani? Kiasi gani?
Nani alipima kama una madini ya risasi?
Ushahidi uko wapi?
Akakata "huponya" kwa kalamu,
akaacha "husaidia kupunguza maumivu".
Hamjui Aune. Hakumpenda.
Alisoma tu, mpaka mwisho,
kazi ambayo wengi wetu hatuifanyi
hata kwa barua za watoto wetu.

Naye Aune anasoma mpaka mwisho:
*Ikiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda,
muulize kwanza mhudumu wa afya.*
Anakumbuka kidonge chake cha kila jioni,
tangu siku ile mkono ulipokataa kushika kijiko.
Anacheka peke yake kati ya rafu.
Miaka sabini na mmoja ya kununua vitu,
na hiki ndicho cha kwanza kumwambia:
subiri, usininunue bado.

Mfamasia Navtej, kilemba cha bluu,
anazipanga chupa mbili juu ya kaunta.
"Hii ya dhahabu inaweza kuwa na manjano.
Inaweza kuwa na chaki.
Mimi sijui, na wao hawakusema.
Hii nyingine imesema.
Kwa hiyo tunaweza kuzungumza."
Wakazungumza. Kwa damu yake, hapana.
Akamwandikia namba ya mtu wa mazoezi ya viungo.

Alirudi mikono mitupu.
Goti liliuma vilevile; hilo silifichi.
Namba si dawa, wala haikumrudisha Veikko
kutoka kwenye stempu zake.
Ilimpa neno moja la kukataa
ambalo lilikuwa lake, na alilijua sababu yake.

Jioni alimpigia Irja.
"Chupa yako, nani aliyeiandika?"
Simu ikanyamaza kitambo.
"Kwani huwa zinaandikwa na mtu?"

Nje, goti lilikuwa sahihi.
Ilianza kuanguka, polepole, bila matangazo.