Joto la Saa Nane

Ami Lali alinipa ufito wa fedha,
ncha moja ndani ya makaa, ya pili mkononi mwangu.
"Shika. Likifika utaniambia."
Nikahesabu. Ishirini sikuifikia.
Ufito ukalia sakafuni,
naye akacheka hata miwani ikamtoka.

Hakuna kilichotembea, alisema,
akinipaka asali vidoleni.
Kila chembe ya fedha imekaa palepale.
Ya kwanza huungua, hutetemeka,
humpiga kikumbo jirani, naye jirani wake.
Ni kama hapa Mkomani:
Bi Mwanatumu hajatoka dakani mwake,
Shekuwe hajanyanyuka barazani,
na posa ya asubuhi imeshajulikana Langoni
kabla kahawa haijapoa.
Ila fedha, na shaba, akaongeza,
zina watoto watundu wasiofungiwa milango,
wapita mbio vitokani na habari mdomoni.
Mti hauna watoto hao.
Ndiyo maana mwiko ni wa mti,
na mshikio wa dele umevishwa kamba.

Nilidhani nimeelewa.

Nyumba yetu ni ya matumbawe, unene wa dhiraa,
mawe yenye vitundu elfu,
kila kitundu kimefungia hewa yake,
na hewa ni mvivu wa kusimulia.
Mama alikuwa akiupapasa ukuta wa magharibi
kama mtu anayempima mtoto homa.
"Yua la leo," akisema, "halijangia bado."

Siku ile, saa nane, aliomba maji.
Akanywa mafunda mawili, akalalamika yana chumvi.
Nje jua lilikuwa limeegemea ukuta kwa uzito wake wote.
Saa tisa alikuwa ameshakwenda.

Tulipomkosha nilimshika mkono,
nikasikia joto likinitoka, likienda kwake,
upande mmoja tu,
kutoka penye nalo kwenda pasipo nalo.
Halikurudi.
Kabla ya magharibi wanaume walikuwa wameshatoka naye.

Usiku sikulala.
Nilikaa chini ya zidaka, mgongo ukutani,
nikisikiliza paka wakigombania vichwa vya samaki.
Na saa kumi, adhana bado,
kitu kikanigusa kati ya mabega.
Kidogo, cha kukisia tu.
Kilikuwa kimetozwa ushuru kwenye kila kitundu.

Nikahesabu kurudi nyuma,
kwa vidole vilevile vilivyoungua:
kumi, tisa, nane, saba,
nikaupita usiku wa manane, nikaipita isha,
nikayapita maziko,
mpaka nikafika saa nane.

Saa nane alikuwa hai.
Alikuwa analalamikia maji.

Ami Lali hakunifundisha
mtu afanye nini na lile linalochelewa.
Sikusogea.
Adhana ikaadhiniwa, watu wakapita kitokani na viatu vyao,
jirani akagonga mlango na chai,
nami nikamwambia ngoja,
ngoja kidogo,
bado linaingia.