Hesabu ya Rarotonga

Gunnvor, dada yangu,
umeniuliza pesa zimekwenda wapi.
Umeuliza mara mbili, na ya pili ukaitia alama tatu za kuuliza.
Mali bila daftari huisha bila habari, najua.
Basi daftari hili hapa, lina mchanga katikati ya kurasa.

Tulichanga kroni elfu arobaini, nusu kwa nusu,
kabla nyonga yako haijateguka kwenye barafu ya gati
ukaniambia: nenda, Herdis, nenda peke yako,
ila andika.

Siku ya kwanza, mashine ya uwanja wa ndege
iliniuliza: nikukate kwa kroni au kwa dola?
Nilichoka. Nikabonyeza kroni, kwa kuwa nalijua jina lake.
Kosa. Jina hilo la nyumbani lilinigharimu
sawasawa na sahani mbili za samaki wa kukaanga,
na ningezila zote mbili.

Kwetu noti nimeishika lini mara ya mwisho?
Hata sanduku la sadaka linataka simu.
Huku mtu anauza papai kando ya barabara
na hayupo.
Meza ipo. Kopo la rangi lipo, limetobolewa tundu,
na chaki inasema: dola mbili, Mungu anakuona.
Nilikuwa na noti ya hamsini na njaa.
Nikasimama pale kama mwizi anayengoja kukamatwa,
kisha nikaondoka mikono mitupu.
Papai hilo sikulinunua, lakini lihesabu.

Jumamosi jioni kadi ikagoma.
Petroli ilishaingia, na skuta haitapishwi.
Mashine ikasema HAPANA kwa herufi kubwa
mbele ya watu wanne na mbwa.
Nikapiga simu benki; kwenu ilikuwa alfajiri ya Jumapili.
Kinanda kikanipigia dakika kumi na saba
(nazo zimo kwenye bili, mstari wa tisa)
hadi sauti ikaniambia kadi imefungwa kwa usalama wangu.
Usalama wangu! Nimekumbatia kofia ya pikipiki, sina senti.

Mwenye kituo, Teupoko,
ua nyuma ya sikio moja, kalamu nyuma ya la pili,
akafungua daftari la shule.
Jina? Herdis. Akaandika Heriti.
Unakaa wapi? Kwa Ngametua, nyumba ya bluu.
"Kesho Jumapili, hatuuzi. Njoo Jumatatu."
Nikamuuliza: na nisipokuja?
Akacheka mpaka ua likadondoka.
"Kisiwa ni mviringo, mama. Utakwenda wapi?
Utapita tena hapa."

Jumapili nikaenda kanisani bila sadaka.
Kijana wa kando yangu akatumbukiza sarafu mbili,
akaninong'oneza: moja yako.
Baadaye wakatulisha wageni wote,
kuku, magimbi, na majani yake kwenye tui zito.
Nikatafuta kikapu cha kulipia. Hakikuwepo.
Gunnvor, mstari huo nimeuacha wazi.
Sijui niandike nini.

Jumatatu benki ikaamka. Dawa ya deni ni kulipa:
dola kumi na nne na senti sitini.
Teupoko akamkata Heriti kwa mstari mrefu kuliko jina.
Nikaongeza tano za asante.
Akazirudisha juu ya kaunta kwa kidole kimoja,
kama mtu anayemsogeza mdudu asimuue.

Kilichobaki, nusu yako, nimekutumia leo.
Ndani ya bahasha kuna na sarafu ya dola mbili, ya pembe tatu.
Auckland binti wa dirishani aliigeuza, akasema nzuri,
lakini hapa si pesa.

Zilikuwa mbili. Ya pili niliiacha kwenye kopo la rangi
nikielekea uwanja wa ndege, teksi ikinguruma,
dereva akipiga honi.
Meza siku hiyo ilikuwa tupu, hata papai moja.
Iandike unapotaka.