Ngazi za Cimpunda

Sikuzihesabu, Zihalirwa,
siku nilizoruka beleshi lako
na beseni la sambaza kichwani,
nikikuambia "pole"
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Ulikuwa umepiga magoti kwenye udongo mwekundu,
unalaza mifuko ya mchanga mzungu wa nne
kama watoto wa chumba kimoja.
"Nani anakulipaka?" nilikuuliza Jumatatu moja.
Ukatema mate kando.
"Mvua," ukasema,
kisha ukanitukana kwa kumwaga maji ya samaki
palepale ulipotoka kushindilia.

Tulikucheka mpaka sokoni Kadutu.
Tulikuita Waziri wa Matope.
Na wewe hukuwa mtakatifu:
jioni ulikunywa kasiksi peke yako
na viatu vya watu vilingoja sindano chini ya benchi.
Vya mwanangu vilikaa kwako mwezi mzima,
akaenda shule na kandambili,
nami nikasema kwa sauti, ili usikie,
mtu huyu anashonea mlima, hashonei watu.

Halafu Novemba.
Bukavu mvua hainyeshi tu, inashuka na mali za watu:
sufuria, kuku, bati zima lenye misumari yake.
Saa nane za usiku mdogo wangu Nsimire
akashikwa na uchungu
katika nyumba ya juu kabisa,
ambako gari tunaliona kwa mbali tu, huko chini,
mdudu mwenye macho mawili.

Tuling'oa mlango wetu, tukaufanya tipoyi.
Wanaume wanne chini yake,
mimi mbele na tochi ya simu inayokata roho.
Ilipozima, mguu wangu ukatafuta ardhi peke yake.

Ukapata ngazi.
Ukatafuta tena.
Ipo.
Saba. Nane. Ile ya jiwe lililovunjika.
Ile uliyoifunga kwa tairi la lori.
Ya kumi na tisa, uliponiomba nipite pembeni
nami nikapita katikati.
Kila nilipokanyaga
nilikanyaga siku moja niliyocheka.

Arobaini.
Kisha hakuna.
Hapo ndipo ulipokuwa umefika.

Zilibaki hatua sita za utelezi mpaka barabarani.
Balagizi, kona ya nyuma, akateleza,
mlango ukainama,
Nsimire akamwita mama yetu ambaye hayupo.
Wanasema mkono mmoja haulei mwana.
Hawakusema mikono mingine itatoka wapi.
Wako ulitoka gizani,
unanuka kasiksi na gundi ya viatu,
ukashika kona.
Hukusema neno. Au ulitukana, sikumbuki,
mvua ilikuwa inaongea kuliko sisi sote.

Mtoto alilia kabla ya alfajiri. Msichana.
Nilipokuja kukuambia aksanti
ulikuwa umelala juu ya benchi, mdomo wazi,
suruali imekauka matope mpaka magotini.
Niliacha sambaza kwenye sahani, nikaifunika.
Paka aliila, nilisikia baadaye.

Jumatatu nilishuka na beseni tupu,
nikalijaza mchanga.
Sijui kushindilia. Mikono yangu inajua samaki.
Uliitazama ngazi ya arobaini na moja
kama unavyotazama kiatu kilichoshonwa na fundi mwingine.
"Imepinda," ukasema.
Imepinda kweli.
Ukanisogezea beleshi.

Leo asubuhi tuko kwenye ya arobaini na tatu,
mimi matope mpaka viwiko.
Mwanamke nisiyemjua ameshuka
na karai la ndizi kichwani, simu sikioni,
anamsema shemeji yake,
akaikanyaga ile iliyopinda bila kutazama chini,
akaruka beleshi.

"Pole," akaniambia,
na nikausikia mlango ukifungwa.