H Yenye Kofia

Mwalimu Nsulwa aliivisha H kofia,
akatugeukia: "Sasa si herufi tena. Ni kitendo."
Niliandika. Sikuelewa.
Mabano aliyapasua katikati,
nusu ikatazama dirishani, nusu mlangoni,
na ile h ndogo iliyochanjwa shingoni
ikapita ubaoni kama mgeni asiyesalimia mtu.

Jumamosi, Mwaloni Kirumba, namsubiri shangazi Kabula.
Anachota dagaa kwa kopo, anamwaga, anahesabu:
tano, sita, nyongeza kidogo, saba.
Dagaa ni walewale.
Kopo halikuwageuza sangara wala furu,
limewatangulizia namba tu.
Nikatoa daftari mfukoni, likanuka samaki hadi leo.

Lakini si kila neno hurudi lilivyokwenda.
Usiku, Mabatini, umeme umekatika,
nikachukua *piga* nikaifanyia majaribio kwa mwanga wa simu.
*-an-* kwanza, kisha *-ish-*: nimewapiganisha.
*-ish-* kwanza, kisha *-an-*: wamepigishana.
Herufi zilezile, zamu tofauti.
Nikatoa hili katika lile, nikangoja sifuri.
Haikuja.
Alibaki mtu mmoja, pembeni,
mikono mitupu, aliyewachochea wenzake.

Kumbe lugha ya mama ilinifundisha haya
kabla sijaota meno ya mbele,
nami nimekuja kuyalipia ada!

Jumatatu, jaribio: kumi na moja kwa thelathini.
Kila mstari nilijua nani atangulie, nani afuate.
Pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa Nsulwa:
"Kofia umeziacha wapi?"